Safu ya Tatu

Mlango upo mwisho wa korido ya chini,
baada ya choo, kabla ya stoo ya viti vilivyovunjika.
Juu yake karatasi, gundi imelegea upande mmoja:
MSAADA WA MASOMO. JUMANNE NA ALHAMISI. SAA NANE.
Mtu wa kejeli ameongeza kwa biki ya bluu:
na wagonjwa wa kichwa.

Nimeupita mara tatu.
Mara ya kwanza nilijifanya naenda choo.
Mara ya pili nilikwenda kweli.
Mara ya tatu mvua ya Bukavu ilinisukuma,
ile inayoteremka toka Kadutu
na nusu ya kilima mkononi.

Ndani: meza moja, viti vinne, taa ya betri,
maana umeme hapa ni mjomba wa mjini,
hapigi hodi akija, haagi akiondoka.
Mama Nabintu hakuniuliza fakilte.
Aliuliza, "Umekula?"
Nikasema ndiyo. Akanitazama.
Akatoa andazi kwenye droo, akalikata kwa rula.

Kisha akanisogezea daftari kubwa
lililopigwa mistari kwa mkono, safu tatu:
Jina. Mwaka. Shida.

Jina nililijua: Ziruka M'Cibalonza.
Mwaka: wa pili, kwa mara ya pili.
Kwenye safu ya tatu kalamu ikagoma.

Niandike nini?
Kwamba takwimu zimenipa nne juu ya ishirini?
Kwamba silabi ya profesa ni dola kumi,
na mama anauza sambaza Nyawera kwa kopo,
na makopo mangapi hufanya dola kumi
ndiyo hesabu pekee nisiyoikosea?
Kwamba Kifaransa changu huvaa viatu vya kuazima,
mdomoni kinatembea vizuri,
kikikanyaga karatasi kinachechemea?

Macho yakapanda juu, kwa waliotangulia.
Si adabu. Nilisoma.

Takwimu.
Takwimu.
Sijui tasnifu inaanzia wapi.
Asistanti anasema "rudia", hasemi nini.
Nimekosa wiki tatu. Msiba.
Takwimu, tena.
Hakuna shida. Nyumbani hakuna meza.

Na hapo, kwa mwandiko ulionyooka kama uzi wa fundi,
Murhula Cishugi.
Murhula! Wa kwanza wetu,
anayejibu kabla swali halijatua,
ambaye tuliapa kwamba wa aina yake
huzaliwa mmoja kwa karne.
Mara moja. Mara tano. Nikafunua nyuma.
Mara kumi na moja,
na safu ya tatu neno lile lile:
Sielewi.

Neno fupi hivyo,
nami nililificha mwaka mzima chini ya ulimi
kama noti siku ya soko.

Nikaliandika.

Mama Nabintu akachonga penseli.
Hashiki kalamu nyekundu; anasema nyekundu ni ya kufunga hesabu,
na wewe bado uko njiani.
Akatapanya nukta kwenye karatasi.
"Hizi ni nyumba za Panzi," akasema,
"kila mtu amejenga alipopata.
Sasa pitisha barabara. Moja tu, iliyonyooka.
Haitafika mlangoni kwa kila mtu.
Lakini asiwepo wa kusema imemtupa mbali kupita kiasi."

Nikachora. Akakunja uso.
"Umewasahau wa bondeni."
Akafuta. Nikachora tena.
Profesa alilisema jina la barabara ile kwa miezi minne
na sikuwahi kumwona mtu akipita juu yake.

Mlango ukalia kidogo. Kichwa kikachungulia,
maji yakimdondoka kwenye nyusi:
"Samahani. Natafuta choo."

Mama Nabintu hakuinua macho.
"Umekula?"

Nikasogeza kiti, nikasogeza daftari,
na kipande cha andazi kilichobaki.